Mafunzo ya kujihami: Yapi humfaa raia wa Mbeya na Iringa?

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MIAKA ya 2000 ilipokuwa ikielekea ukingoni, lilikuwapo jina moja lililowafanya wakazi wengi wa Mbeya waharakishe kurejea majumbani kabla ya giza kuingia: wapiga nondo. Hao walikuwa wahalifu waliomvizia mpita njia usiku, wakampiga kichwani kwa kipande cha chuma na kumpora alichokuwa nacho.

Kumbukumbu ya hofu ile ni mahali pazuri pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kujifunza kujihami. Mtu anayeviziwa kwa namna hiyo hapati nafasi ya kupigana. Pigo hutoka nyuma, gizani, na hufika kabla hajajua kama yuko hatarini. Hakuna mkanda mweusi unaozuia pigo ambalo mwenye mkanda hakuliona.

Mbeya na Iringa, kama ilivyo katika miji mingine nchini, vijana kwa watu wazima hujifunza karate, judo, taekwondo, kung fu na ngumi katika kumbi za shule, jimu na viwanja vya wazi. Wapo wanaotafuta afya, wapo wanaotafuta medali, na wapo wanaotaka jambo moja tu, nalo ni kurudi nyumbani salama.

Makala haya yanawahusu hao wa mwisho. Swali lao ni rahisi kuuliza na gumu kujibu: kati ya yote yanayofundishwa, ni yapi yatakayomsaidia mtu siku atakapokabwa kweli?

Adui ni nani?

Jambo la kwanza ni kumjua mshambuliaji. Katika sinema, adui husimama mbele ya shujaa, wakatazamana, kisha pambano likaanza. Mitaani mambo hayaendi hivyo. Kibaka hutafuta mtu aliye peke yake, aliyezama katika simu yake, na humjia kutoka upande asiotazamwa.

Saa za hatari nazo zinajulikana. Wafanyabiashara wanaowahi Soko la Mwanjelwa kabla ya mapambazuko, wachuuzi wanaofunga meza zao jioni Mashine Tatu mjini Iringa na wanafunzi wa vyuo wanaotoka maktaba usiku, wote hupita njiani wakati watu ni wachache.

Tangu mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, wapo pia abiria wanaoshuka Uyole au Ipogolo saa ambazo zamani hapakuwa na basi.

Hata hivyo, kwa wanawake adui mkubwa zaidi mara nyingi hayuko barabarani. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha mwaka 2005 matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, na kwa Tanzania maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Dar es Salaam na Mbeya.

Miongoni mwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mume au mwenza, asilimia 41 wa Dar es Salaam walisema wamewahi kufanyiwa na mwenza huyo ukatili wa kimwili au wa kingono. Kwa Mbeya walikuwa asilimia 56.

Takwimu hizo ni za miaka mingi iliyopita, lakini somo lake halijachakaa. Mafunzo yanayomwandaa mwanamke kupambana na mgeni wa kichochoroni peke yake yanaiacha nje sehemu kubwa ya hatari inayomkabili.

Mateke yaliyotoka ng'ambo

Sanaa nyingi za mapigano zinazofundishwa nchini zilitoka Asia. Karate ya mtindo wa Goju-ryu, ambayo mwasisi wake ni Chojun Miyagi wa kisiwa cha Okinawa, ilianza kufundishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani. Dojo lake lilijulikana kwa jina la Zanaki.

Katika miaka hiyo hiyo filamu za Bruce Lee zilikuwa zikitazamwa duniani kote, na baadaye vibanda vya video vikazifikisha hadi mitaa ya miji midogo. Vijana wengi waliiga kwanza kile walichokiona kwenye kioo: teke la juu, mruko na ukelele.

Sehemu kubwa ya mafunzo ya karate ni mifuatano ya mienendo iitwayo kata kwa Kijapani, ambayo mwanafunzi huirudia peke yake mara mamia. Kata hizo zina faida: hujenga mizani, nguvu za miguu, pumzi na nidhamu.

Kasoro hutokea pale mafunzo yanapoishia hapo. Mwanafunzi huenda akapanda mkanda hadi mkanda bila kuwahi kushikwa na mtu ambaye kweli hataki kumwachia.

Somo la mwalimu wa Kijapani

Jibu la kasoro hiyo lilipatikana zamani. Mwaka 1882 mwalimu wa Kijapani, Jigoro Kano, alifungua jijini Tokyo shule aliyoiita Kodokan na kuanza kufundisha judo. Aliziondoa katika mazoezi ya kushindana mbinu zilizokuwa na hatari ya kuvunja viungo au kuua, akabakiza zile ambazo watu wawili wangeweza kuzijaribu kwa nguvu zao zote bila kuumizana vibaya.

Wapo wanaoweza kudhani kwamba kwa kufanya hivyo aliudhoofisha mchezo. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Mwanafunzi aliyerusha na kurushwa na mwenzake mamia ya mara, kila mmoja akimpinga mwingine, alikuwa na ujuzi uliokwisha kupimwa. Yule aliyejifunza mbinu ya kuua ambayo hakuweza kuijaribu kwa mtu yeyote alibaki na nadharia.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mafunzo ya kujihami, liwe jina lake karate, judo, Krav Maga au jingine. Je, mwenzako anakupinga kweli? Ngumi za ridhaa, ambazo zilimpatia Mtanzania Michael Yombayomba medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1998 mjini Kuala Lumpur, hazifundishi kujinasua mikononi mwa mkabaji. Lakini bondia huzoea kuona ngumi ikimjia bila kufumba macho, jambo ambalo wengi hawajalizoea.

Sababu nyingine ni ya kimaumbile. Mtu aliyeingiwa na hofu, mwili wake humwaga homoni ya adrenalini. Moyo hudunda kwa kasi, macho huona mbele tu kama mtu achunguliaye ndani ya bomba, na vidole hupoteza ustadi wa kazi ndogondogo. Mbinu yenye hatua saba husahaulika papo hapo. Yenye hatua moja au mbili, iliyorudiwa mpaka mwili ukaizoea, huweza kubaki.

Baridi, matope na miteremko

Mazingira ya Nyanda za Juu Kusini nayo yana sauti katika jambo hili. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa iko juu ya mita 1,500. Mwezi Juni na Julai baridi huwalazimisha watu kuvaa makoti na masweta mazito, na wanawake hujifunga vitenge juu ya nguo nyingine.

Kwa hiyo mshambuliaji hupata kwa urahisi kitu cha kushika: ukosi wa koti, mkono wa sweta, kamba ya mkoba. Mazoezi ya kujinasua kutoka katika mshiko wa nguo yana manufaa hapa kuliko teke la kichwani, ambalo koti zito na kitenge havitaliruhusu hata kuinuka.

Ardhi pia si sakafu ya ukumbi. Vichochoro vingi vina miteremko na mawe, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huvigeuza kuwa matope. Anayeinua mguu mmoja juu mahali kama hapo amejiweka katika hatari ya kuanguka bila kusukumwa na mtu.

Mwalimu anayelijua hilo huwatoa wanafunzi wake nje mara mojamoja, wakiwa wamevaa viatu na nguo zao za kila siku, ili wajue ni kipi kinachowezekana na kipi kinabaki kuwa cha ukumbini.

Ya kujifunza kwanza

Orodha ya mambo ya lazima ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. La kwanza ni kuona mapema. Kuinua macho kutoka kwenye simu, kupita katikati ya njia badala ya kuambaa na ukuta, kuchagua barabara yenye taa, kuongozana na wenzako na kugeuka kumtazama anayekufuata nyuma, hayo ndiyo yaliyokuwa na nafasi ya kumwokoa mtu mbele ya wapiga nondo.

La pili ni sauti. Mtu hujifunza kusimama imara, kunyoosha mikono mbele kama anayezuia na kutamka kwa nguvu, "Simama hapo! Usinisogelee!" Maneno hayo huonekana mepesi, lakini wengi hushindwa kuyatoa kooni siku ya kwanza ya mazoezi. Yowe huwaita majirani, na mwizi hapendi kuonekana.

La tatu ni kuulinda uso na kichwa. Mikono miwili huinuliwa, viwiko vikielekezwa mbele, ili pigo la kwanza liangukie mkononi badala ya kwenye fuvu.

La nne ni kujinasua. Anayeshikwa kifundo cha mkono huvuta kuelekea upande wa kidole gumba cha mshikaji, kwa kuwa hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu.

Anayepigwa roba, yaani kukabwa shingo kutoka nyuma, ana muda mfupi mno, kwani mishipa ya damu ya shingoni ikibanwa sawasawa mtu huweza kuzimia kwa takriban sekunde kumi. Hukishusha kidevu chake, huukamata mkono unaomkaba kwa mikono yake yote miwili na kuuvuta chini, huku akishusha kiuno na kugeukia upande wa kiwiko cha mkabaji. Zoezi hilo lifanywe mbele ya mwalimu, na mwenzako aachie mara unapompigapiga mkononi.

La tano ni kuanguka bila kuumia na kuinuka haraka. La sita, ambalo shule nyingi hulisahau, ni kukimbia. Mbio za mita 200 za kupanda mlima zikifanywa mara mbili kwa wiki huenda zikamfaa mtu kuliko mkanda wa rangi yoyote, ilimradi ajue anakokimbilia: penye taa, duka au watu.

Mbele ya panga na kisu

Filamu zimewafundisha watu kwamba kisu hunyang'anywa. Mwaka 1983 askari polisi wa mji wa Salt Lake City nchini Marekani, Dennis Tueller, alieleza kwamba mtu mwenye afya ya kawaida huweza kuukimbia umbali wa mita 6.4 kwa takriban sekunde moja na nusu. Huo ndio muda alionao aliyesimama upande wa pili wa barabara nyembamba.

Mwalimu mkweli huwaambia wanafunzi wake kwamba mbele ya kisu, panga au bisibisi, mali itolewe. Simu hutupwa upande mmoja, mwenyewe akakimbilia upande mwingine. Mbinu za kupambana na mwenye silaha zibaki kwa ajili ya saa ambayo mshambuliaji hataki mali, anataka uhai, na hakuna mlango wa kutokea.

Kinachosaidia wanawake

Je, upo ushahidi kwamba mafunzo haya huzuia ukatili? Upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wasichana wa shule katika mitaa duni ya Nairobi waliofundishwa kutambua hatari, kukataa kwa sauti na, inapobidi, kupigana.

Kabla ya mafunzo, takriban robo yao walisema walishambuliwa kingono katika mwaka uliotangulia. Baadaye kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 9 hivi, ilhali kwa wasichana ambao hawakupata mafunzo hayo hakikubadilika sana. Zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema waliutumia ujuzi huo kuzuia shambulio.

Nchini Canada, utafiti uliowahusisha wanafunzi wa kike 893 wa vyuo vikuu na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika muda wa mwaka mmoja asilimia 5.2 ya waliopata mafunzo walibakwa, wakati kwa wasioyapata ilikuwa asilimia 9.8.

Yafaa kuangalia kilichofundishwa huko. Mapigo yalikuwa sehemu tu. Muda mwingi ulitumika kumfundisha mwanamke kuzitambua dalili za hatari kwa mtu anayemfahamu, na kukataa bila kuona haya hata kama anayekataliwa ni jamaa, mwalimu au mpenzi. Kwa msichana aliyelelewa kuambiwa kwamba mtu mzima hajibiwi, hilo ni somo zito kuliko ngumi.

Aliyeshambuliwa anayo pia haki ya huduma. Katika vituo vya polisi yapo madawati ya jinsia na watoto, na hapo hutolewa fomu ya PF3 inayohitajika hospitalini na mahakamani. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya msaada kwa watoto ni 116.

Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Katika Nyanda za Juu Kusini jambo hilo lina uzito wa pekee: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 uliikuta Iringa na asilimia 11.3 ya watu wazima wenye maambukizi, na Mbeya asilimia 9.3.

Sheria inasemaje?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vya 18 hadi 18C inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Lakini inamruhusu kutumia nguvu za kiasi tu, zile zinazohitajika kwa ulinzi huo.

Anayevuka mpaka huo hujibu kwa kosa litakalotokana na nguvu alizozidisha. Akisababisha kifo kwa nguvu zilizopita kiasi huhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake huweza kufikia kifungo cha maisha.

Sheria inatambua pia kwamba yapo mazingira ambayo mtu huweza hata kusababisha kifo bila kutenda kosa, kama vile pale anapoamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi kwamba atauawa, atajeruhiwa vibaya, atabakwa au atatekwa.

Hapa ndipo penye mtego kwa wakazi wa miji yetu. Kibaka akishaanguka, akishafungwa kamba au akishakimbia, hatari imekwisha na haki ya kujihami imekwisha pamoja nayo. Kipigo kinachofuata ni shambulio kama mashambulio mengine, na wanaomuua mtuhumiwa kwa mawe au moto wanaweza kushitakiwa kwa mauaji, hata kama ni kweli aliiba.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kimeutaja Mkoa wa Mbeya katika taarifa zake miongoni mwa mikoa ambako wananchi hujichukulia sheria mkononi. Kwa hiyo anayefundisha vijana kupiga bila kuwafundisha kuacha anawaandaa kwenda gerezani.

Kumchagua mwalimu

Mzazi au kijana anayetafuta mahali pa kujifunza na aombe kwanza kutazama mazoezi mara mbili au tatu. Aangalie kama wanafunzi hupingana kweli au hucheza kama ngoma iliyopangwa. Asikilize kama mwalimu hutaja kukimbia na kuepuka ugomvi, au husifu tu nguvu zake.

Aulize kama klabu imesajiliwa. Michezo nchini husimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na ofisa michezo wa halmashauri ni mtu wa kuulizwa kabla ya kulipa ada.

Aangalie pia jinsi wanawake na watoto wanavyotendewa, kwa maana mazoezi haya ni ya kushikana mwili. Mwalimu anayefanya mazoezi na msichana mlango ukiwa umefungwa, au anayekasirika mzazi anapokuja kutazama, aachwe mara moja.

Mwisho, ajihadhari na ahadi. Anayedai kumfanya mtu mpiganaji kwa wiki mbili, au kumwangusha adui kwa kidole kimoja, anauza ndoto. Mafunzo ya mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa humpa mtu wa kawaida pumzi, sauti, mizani na mbinu chache alizozijaribu mwenyewe. Hayo hayatamfanya ashinde kila pambano, ila yatampa zile sekunde chache za kujinasua na kukimbilia penye watu.